Naomba ushauri: kitenzi cha Kiingereza "decimate" nikitafsiri vipi?

Mtoa mada
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninatafsiri sura ya historia inayosimulia jinsi sotoka, maradhi ya kuambukiza ya ng'ombe, ilivyoingia katika nchi ya Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwandishi ametumia kitenzi "decimate" kueleza yaliyowapata ng'ombe. Niliandika "sotoka iliangamiza ng'ombe", lakini mhariri amenirudishia kazi akisema kwamba asili ya neno hilo ni kuua mmoja katika kila kumi, hivyo niandike "iliua ng'ombe mmoja kati ya kumi". Sentensi hiyo inaninyima usingizi, kwa kuwa sura yenyewe inaeleza waziwazi kwamba waliokufa walikuwa wengi kuliko waliosalia. Nimkatalie kwa hoja gani?

Mwalimu wa Historia
Ndugu mtoa mada, kuhusu asili mhariri wako yuko sahihi. Neno linatokana na "decem" ya Kilatini, yaani kumi, na lilitaja adhabu ya jeshi la Roma: kikosi kilichokimbia vita kilipigiwa kura, na katika kila watu kumi, yule aliyeangukiwa na kura aliuawa kwa marungu na wenzake waliokula naye chungu kimoja. Walionusurika walilishwa shayiri badala ya ngano na kulazwa nje ya boma la kambi. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anasimulia kwamba jemadari Mroma Crassus, alipokuwa akipigana na Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi, aliwagawa askari 500 katika makundi 50 na kumuua mmoja katika kila kundi, akifufua adhabu ambayo ilikuwa imeachwa muda mrefu. Lakini kwa karne kadhaa sasa Waingereza wanalitumia neno hilo kwa maana ya kuteketeza sehemu kubwa ya kitu, bila kuhesabu.

Mpenda Lugha
Mkumbushe mhariri neno letu "ushuru". Linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi, lakini hakuna anayefika forodhani akidhani atatozwa sehemu ya kumi kamili. Hata "decimate" iliwahi kuhusu kodi: mwaka 1655 serikali ya Cromwell, aliyetawala Uingereza baada ya ufalme kuondolewa, iliwatoza wafuasi wa mfalme sehemu ya kumi ya mapato ya ardhi zao.

Mfasiri wa Arusha
Mimi ningetumia "kufyeka", kwa sababu anayefyeka pori huangusha sehemu kubwa na bado visiki hubaki, ilhali "kuangamiza" humfanya msomaji adhani hakusalia hata ndama. Lakini hesabu ya mhariri nayo haifai: Wamaasai wenyewe huuita wakati ule wa maradhi na njaa Emutai, yaani kumalizwa kabisa. Kuwaandikia wajukuu wao kwamba alikufa ng'ombe mmoja kati ya kumi ni kuwapunguzia msiba wao.

Mtoa mada
Nawashukuru sana. Nimeandika "sotoka ilifyeka mifugo ya Wamaasai", na mfano wa ushuru nimeupeleka kwa mhariri pamoja na rasimu.