Gari limelala yadi, dereva alikamatwa amelewa: aende mwenyewe, atume mtu au likabebwe?

Spana_13 (mleta mada)

Wakuu, swali hili hurudi kila mara kwa vichwa tofauti, bora tuliweke sehemu moja. Dereva amekamatwa kwa ulevi, gari limevutwa, kesho yake yuko nje kwa dhamana na anataka gari lake. Njia ninazoziona ni tano: kwenda mwenyewe akiwa na dereva mwingine, kumtuma mtu na barua ya idhini, kuagiza brekidauni ilibebe kutoka yadi hadi nyumbani, kumweka wakili aombe mahakamani, na ya mwisho, kuliachia.

Kabla ya kuchagua, ulizeni nani hasa analishikilia. Hapa ndipo wengi hupotea. Yadi inadai hela ya kuvuta na ya kulaza gari, basi. Polisi nao wanaweza kuwa wameliwekea zuio lao, la siku maalumu au la upelelezi. Kama hakuna zuio, ukilipa na karatasi zako ziko sawa unaondoka. Kama lipo, hata ulipe deni lote, mlinzi hafungui geti bila kibali cha kituo. Kwa hiyo safari inaanzia kituoni, si yadi. Pale kaunta tokeni na vitu vinne: kibali cha kulitoa, namba ya jalada, jina la yadi, na jibu la funguo ziko wapi.

Mimi naweka kumtuma mtu kuwa ya kwanza, kwenda mwenyewe ya pili. Nipingeni.

Karani_wa_Zamu

Sikupingi, ila barua ya idhini ndiyo inayowarudisha watu nyumbani mikono mitupu. "Namruhusu ndugu yangu achukue gari" haitoshi. Iwe na jina la mmiliki kama lilivyo kwenye kadi ya gari, herufi kwa herufi, namba ya kitambulisho chake, jina na namba ya kitambulisho cha anayetumwa, namba ya usajili pamoja na namba ya chasisi, sentensi inayosema wazi kwamba anaruhusiwa kulipa, kusaini na kuondoka na gari, tarehe, na sahihi inayofanana na ya kwenye kitambulisho. Pigeni simu kwanza muulize kama wanataka barua igongwe muhuri wa wakili. Wengine hawaipokei bila muhuri, na hilo hutalijua mpaka umefika dirishani.

Anayetumwa abebe kadi ya gari au nakala inayokubalika, cheti cha bima kilicho hai, kitambulisho chake halisi na leseni yake halisi. Picha ya leseni kwenye simu mara nyingi hukataliwa.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote: gari lilinunuliwa, jina halijabadilishwa. Machoni pa kituo mwenye gari ni yule aliyeliuza. Hapo barua yako haina kazi, atafutwe muuzaji aje au atoe barua yake, na mkataba wa mauziano uambatane nayo.

Mama_Gia

Spana, kwenda mwenyewe usikuweke chini namna hiyo. Mmiliki akiwepo hakuna mzozo wa barua, na majina yakigongana anaweza kujieleza papo hapo. Shida yangu ni wanaokwenda mapema mno.

Fanyeni hesabu. Mwili huondoa kilevi kwa wastani wa miligramu 15 hivi katika mililita 100 za damu kwa saa, wengine polepole zaidi. Aliyepimwa miligramu 150 saa sita usiku anahitaji kama saa 10 kufika sifuri, yaani saa nne asubuhi, na hiyo ni kama kipimo kilikuwa kimeshaanza kushuka. Kahawa, maji baridi, supu, usingizi: hakuna hata kimoja kinachoharakisha ini. Mtu anatoka mahabusu saa moja asubuhi anajiona mzima, anafika dirishani ananuka, wanampima tena au wanakataa tu kumpa funguo. Akikubaliwa akashika usukani, anaweza kukamatwa mara ya pili kabla hajafika barabara kuu.

Leseni nayo inaweza kuwa imeshachukuliwa au kusimamishwa. Kwa hiyo hata akienda mwenyewe, anakwenda kusaini. Anayeendesha ni mwingine, na jina la huyo mwingine liwe ndani ya masharti ya bima. Bima inayomtaja dereva mmoja tu haimlindi rafiki aliyekuja kusaidia.

Wakili_wa_Jioni

Naongeza sababu ya kumtuma mtu ambayo haijaguswa. Aliyekamatwa akisimama kaunta huanza kusimulia: "afande, nilikunywa mbili tu." Karani wa dirisha si rafiki yake, na lolote atakalosema linaweza kuandikwa. Aliyetumwa hana cha kusimulia. Kama lazima uende mwenyewe, zungumza juu ya kadi, risiti na funguo, basi.

Sasa zuio la upelelezi. Hili huja hasa kama kulikuwa na ajali, na zaidi kama kuna aliyeumia au kufa. Gari linakuwa kielelezo, yaani ushahidi wa kesi. Hapo karani hana mamlaka, na kumsumbua kila siku ni bure. Aulizwe mpelelezi wa jalada, kwa maandishi, mambo mawili: ukaguzi wa gari umekamilika? Kama haujakamilika, lini? Jibu lisipokuja au likiwa la kuzungusha, wakili anapeleka maombi mahakamani gari litolewe kwa masharti. Masharti ya kawaida ni picha kupigwa kwanza, mmiliki kusaini kwamba ataliwasilisha likihitajika, na kutoliuza wala kulibadilisha mpaka kesi iishe.

Kwenye ajali, msikimbilie kulitoa mkalipeleke kwa fundi wa bodi. Breki, matairi, taa, mkanda, hata kompyuta ya mifuko ya hewa vinaweza kuonyesha kilichotokea, na mara nyingine ushahidi huo humsaidia mshtakiwa mwenyewe. Ukishanyoosha bodi umeufuta. Wakili wenu aseme kwanza kama anataka mtaalamu wake alione.

Na kama mnaona gari lilivutwa isivyo halali, bado lipeni mlitoe, ila andikeni kwenye risiti au barua kwamba mnalipa huku mkipinga. Ulizeni siku hiyo hiyo mwisho wa kuwasilisha pingamizi ni lini. Muda wenyewe huwa mfupi, na kusubiri ndani ya deni linalokua si mgomo, ni hasara.

Kabureta

Nyote mnazungumza karatasi. Mimi nauliza gari litatokaje pale kimwili, maana brekidauni mnaitaja kama anasa.

Kwanza angalieni lilivyoingia. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, lenye gia otomatiki, likinyanyuliwa nyuma na kuburuzwa kwa matairi ya mbele, giaboksi inazunguka huku injini imezimwa. Pampu ya hydroliki, yaani mafuta ya giaboksi, haifanyi kazi, beringi zinakauka. La magurudumu ya nyuma likinyanyuliwa mbele, yaleyale, isipokuwa propela shafti, ile nondo inayopeleka nguvu matairi ya nyuma, imefunguliwa. La magurudumu manne ya kudumu likiburuzwa kwa mhimili mmoja, difu ya kati, inayogawa nguvu mbele na nyuma, inachemka. La umeme likiburuzwa, mota inazalisha umeme na inaweza kuharibu mfumo. Yote hayo yanatakiwa kupakiwa mgongoni mwa brekidauni ya kitanda, au kuwekewa vitoroli chini ya matairi yanayogusa lami.

Ishara za kuburuzwa vibaya: mikwaruzo mipya kwenye rimu, tairi lililosagika sehemu moja bapa kwa sababu handbreki ilikuwa juu, bampa ya mbele iliyoning'inia, hydroliki ikichuruzika chini. Mkiona mojawapo, msiliwashe. Itisheni brekidauni, likaguliwe kwingine.

Sababu nyingine za kulibeba hata kama ni zima: bima imekwisha muda, dereva mwenye leseni amekosekana, au mahakama imeagiza lifungwe kile kifaa cha kupulizia, kinachopima kilevi kwenye pumzi kabla injini haijawaka. Bila kifaa hicho mshtakiwa haruhusiwi kuliendesha, na kukifunga kunahitaji betri yenye nguvu.

Spana_13

Kabureta, hapo umenishusha. Nakubali: gari lililoburuzwa, brekidauni inapanda juu ya zote. Lakini gharama je? Unalipa kuvuta mara mbili, kuingia na kutoka.

Hesabu_za_Siku

Gharama isomwe kwa siku, ndipo ulinganisho unaeleweka. Bili ina sehemu isiyokua (kuvuta, kuingiza, kibali) na sehemu inayokua (kulaza). Isiyokua utailipa kwa njia yoyote utakayochagua. Kinachoshindaniwa ni siku.

Tuseme brekidauni ya kutoka ni sawa na ada ya kulaza siku 4. Ukimsubiri dereva mwenye leseni mpaka wiki ijayo, umelipa siku 7 ili kuokoa 4. Lakini kama dereva yupo kesho asubuhi, brekidauni ni hasara ya siku 3. Wakili vilevile: kama zuio ni la siku 10 na zimebaki 3, maombi yatasikilizwa wakati zuio limeshaisha lenyewe. Kama ni la "mpaka upelelezi ukamilike", kila wiki ya kusitasita inakula thamani ya gari.

Ulizeni mambo haya kwa simu kabla ya kuondoka nyumbani: siku huhesabiwa kwa saa 24 au kwa tarehe? Kwa tarehe, gari lililoingia saa sita kasoro dakika kumi usiku limeshamaliza "siku" kwa dakika kumi. Dirisha la kutoa magari linafunga saa ngapi? Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa ingawa ofisi imefungwa? Mara nyingi ndiyo, kwa hiyo gari lililokamatwa Ijumaa usiku linaanza Jumatatu na deni la siku tatu au nne. Na wanapokea malipo gani? Yadi nyingine hazitaki hundi.

Kuliachia sasa. Watu husema, "gari lenyewe bovu, waliuze tu." Likipigwa mnada na bei isifikie deni, sehemu nyingi mmiliki anadaiwa kilichobaki. Mkopo wa benki nao haufi kwa gari kuuzwa. Kama kweli halistahili kukombolewa, nendeni mkabidhi umiliki kwa maandishi na mpewe hati kwamba hamdaiwi tena. Tofauti ya kutelekeza na kukabidhi ni karatasi hiyo moja. Na kumbukeni tangazo la mnada hutumwa kwenye anwani iliyo kwenye kadi. Aliyehama bila kubadilisha anwani halioni.

Mama_Gia

Na kama gari si la dereva? La kampuni, la kukodi, la shangazi mtu?

Karani_wa_Zamu

Hapo ndipo rahisi kuliko kote, mama. Mmiliki aende mwenyewe na kadi yake. Yeye hakushtakiwa, na zuio la siku maalumu mara nyingi huondolewa mapema akionyesha kwamba hakujua gari litaendeshwa na mlevi. Kampuni ilete barua yenye nembo na muhuri, pamoja na hati inayoonyesha aliyesaini ana cheo cha kusaini. La mkopo, benki inaweza kulitoa yenyewe, kisha ikaongeza gharama kwenye deni lenu. Wapigieni kabla hawajapigiwa.

Funguo nazo: mara nyingine haziko yadi. Zimeandikwa kwenye orodha ya mali za mtuhumiwa pamoja na mkanda na pochi. Barua ya kutoa gari haizitoi; inatakiwa idhini ya pili, ya mali. Funguo za akiba zinaondoa usumbufu huo wote.

Vitu vya ndani kama dawa, kiti cha mtoto na vyeti, ombeni kuvichukua hata kama gari halijakombolewa. Kwingi inaruhusiwa. Redio na spika zilizofungwa hubaki.

Wakili_wa_Jioni

Fomu ya makabidhiano isomwe yote. Ina mstari unaosema gari limepokelewa likiwa zima. Zungukeni kwanza, pigeni picha pembe nne, rimu, chini ya bampa, kilomita kwenye dashibodi. Kasoro ziandikwe juu ya fomu kabla ya sahihi. Ukishapita geti, dai la mkwaruzo halina miguu.

Kabureta

Na likiwa limelala wiki kadhaa, pimeni betri kabla ya kugeuza ufunguo. Volti 12.6 imejaa, 12.0 imekaribia kuisha. Mkiazima umeme: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri yake, kwa sababu cheche ya mwisho inaweza kuwasha gesi inayotoka kwenye betri. Pigeni upepo matairi. Breki zitakwaruza kwa kutu mita chache za kwanza, hilo ni la kawaida. Pedali ikizama mpaka chini si la kawaida: zimeni, rudisheni handbreki, piteni kwa Hesabu mkaulize bei ya brekidauni.