Silingi ya Datsun 1200 pikapu: reksini ya nyaya, hadibodi au kubandika kwenye bati?

Kebini71: Wakuu, silingi ya zamani (kile kifuniko cha paa kwa ndani ya kebini) imeachia mishono yote. Naona njia tatu: kushona reksini mpya inayoning'inia kwenye nyaya ngumu zinazokatiza chini ya paa kama ile ya mwanzo, kukata hadibodi ya mm 3 na kuivalisha kitambaa chenye sponji, au kubandika kitambaa kwenye bati lenyewe la paa. Ipi itahimili jua la pwani?

FundiViti: Ya nyaya, mkuu. Paa la hiyo gari limepinda mbele-nyuma na pia kushoto-kulia. Hadibodi hupinda upande mmoja tu. Kwenye kona itapasuka au itaacha mwanya. Fumua silingi ya zamani, vipande vyake ndiyo patani yako, ongeza sm 5 kila ukingo. Mita 2 za reksini ya upana wa sm 137 zinatosha. Nyaya zitie namba kwa tepu kabla hujazitoa, maana kila moja ina mkunjo wake. Ukizichanganya paa linaota mabonde. Mifuko ya nyaya, ile inayoshonwa mgongoni mwa reksini kupitisha waya, iishie sm 6 kabla ya ncha ya waya, la sivyo reksini haivutiki kushuka pembeni.

GerejiKona: Sahihi kabisa. Ila vioo vya mbele na nyuma vitoke kwanza, ukingo unaingia chini ya raba. Anika reksini juani nusu saa ilainike. Pachika waya wa nyuma, songa mbele, kisha vuta katikati mbele, katikati nyuma, pembeni mwisho, ukishikiza kwa vibanio. Ikileta kunyanzi vuta penye mshono, si kati ya mishono. Gundi baadaye: paka pande zote mbili, ngoja mpaka ukigusa haigandi kidoleni.

Kebini71: Na kubandika kwenye bati? Bei yake ni ndogo.

FundiViti: Usifanye, nakuomba. Mchana bati hilo huwezi kuliwekea kiganja. Gundi ya viatu inalainika na kitambaa kinaanza kutumbukia katikati. Usiku bati likipoa linatoa jasho, sponji inalinyonya, na kutu inakula paa mahali usipopaona.

PikapuKazi: Hadibodi msiitupe moja kwa moja. Kwa kebini yenye paa karibu tambarare ni nzuri, na inatoka nzima ukitaka kufikia bati. Mgongo wake upake vanishi, unyevu unaivimbisha. Ukivalisha upya ubao wa zamani, ule unga wa njano wa sponji usugue wote kwa brashi. Gundi ikipakwa juu ya unga inashika unga, haishiki ubao.

GerejiKona: Kebini71, tundu la taa ya ndani usilikate mapema. Reksini ikishakaa siku nzima, papasa kwa kidole mpaka upate kitako cha taa, kata msalaba mdogo, toa waya wa umeme wa taa, ndipo upanue.