Mji wa kijani ni miti juu ya ghorofa au kuna kitu tunaruka?

Mdadisi_77
Wakuu salama? Kila nikiingia mtandaoni nakutana na picha za maghorofa yameoteshwa miti kwenye vibaraza, kama yale mawili ya Milan yaliyokamilika 2014, na chini watu wameandika huu ndo mji wa kesho. Pazuri, sikatai. Ila zege la kubeba udongo na maji yote yale huko juu si linakula saruji zaidi? Na saruji peke yake inakadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa ya dunia. Sasa tuseme mji una hela ya kufanya jambo moja tu, unaanzia wapi? Wajuzi wa mipango miji njooni mnisomeshe.

FundiRamani
Umegusa penyewe mkuu. Mti kazi yake iko chini, barabarani. Hapo unampa kivuli anayetembea kwa miguu, majani yanatoa mvuke hewa inapoa, na lami haishindi ikichemka jua hadi usiku inaanza kuturudishia joto. Wa ghorofa ya 20 unamfaidi mwenye nyumba basi. Medellín kule Kolombia kuanzia 2016 walipanda njia kama 30 za kijani kando ya barabara na mifereji, joto likashuka nyuzi 2 hivi, bila kujenga ghorofa.
Lakini msinipe hesabu za miche iliyopandwa, nipeni ya iliyobaki baada ya miaka mitano!! Watu wanachimba kashimo ka ndoo moja, pembeni zege, udongo umeshindiliwa kama tofali, mizizi haipati hewa wala maji alafu wanashangaa mti umedumaa.

Pedeli
Napingana kidogo. Hiyo miti utaipanda wapi wakati nafasi yote imeliwa na barabara na maegesho? Anza na magari. Seoul walibomoa barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon, 2005 mto ukafunguliwa, na ule mji haukufa kwa foleni kama ilivyotabiriwa. (Sio kwamba ni mto wa asili kihivyo, maji mengi yanasukumwa na pampu kila siku, umeme unalika.) Curitiba kule Brazili nao toka 1974 wameyapa mabasi njia yake na wakaruhusu maghorofa yajengwe kufuata hizo njia, yaani watu wengi wanakaa karibu na kituo. Mji uliosambaa kama maji yaliyomwagika hata uwe na miti milioni bado kila mtu atahitaji gari kwenda kununua chumvi.

mama_bustani
Wanangu mmesahau maji. Copenhagen tarehe 2 Julai 2011 ilinyesha zaidi ya milimita 100 ndani ya saa kama mbili, mji ukazama. Mwaka uliofuata wakaja na mpango wa kuyapa maji pa kukaa badala ya kuongeza mabomba tu, bustani ya Enghaveparken imetengenezwa ishike zaidi ya mita za ujazo 22,000, siku za jua watoto wanacheza humo humo. Ukisakafia kila kitu mvua inakuwa adui, ukiacha udongo wazi inanywesha hiyo miti yenu bure.

Mdadisi_77
Shukrani mama, wakuu pia. Sasa kuna jingine, mtaa ukishapendeza si kodi inapanda na yule aliyekuwa anachemka na joto ndo anahama?

FundiRamani
Inatokea sana tu. Ndo maana Vienna huwa naitaja, karibu nusu ya wakazi wako kwenye nyumba za manispaa au zenye ruzuku kwahiyo ukipanda miti mwenye nyumba hana nafasi ya kupandisha kodi anavyotaka. Nyumba kwanza mkuu, miche baadae.

Pedeli
Na baiskeli katikati hapo 😂