Mwanangu anaogopa hesabu za darasani ila za sokoni anaziweza, nifanyeje?

MamaBinti_Mikindani: Habari zenu wazazi wenzangu, naombeni ushauri. Binti yangu yupo darasa la nne na mwaka huu ana upimaji wa taifa, sasa ukimwekea hesabu kwenye daftari anaganda, machozi yanamlenga, kugawanya ndo usiseme. Lakini huyohuyo nikimpa elfu kumi ashuke pwani aninunulie mafungu mawili ya samaki ya elfu tatu na mia tano kila fungu, apitie na nyanya za mia tano, anarudi na elfu mbili na mia tano yangu bila kukosea na wala hajaandika popote. Inaniuma kwa kweli, maana akili anayo. Namvushaje?

Mkorosho_Tandahimba: Dada usimpige wala usimwite mzito. Mi hesabu nilizijulia kwenye korosho. Mzee wangu aliuza kangomba, yaani kwa kupima na bakuli badala ya mizani, miaka mingi, mnunuzi anakuja na bakuli lake anasema hii ndo kilo, mzee anajaza tu. Nilikuwa la sita, siku hiyo nikaazima mizani ya dukani nikamwaga bakuli moja, ikasoma kilo na robo. Nikakaa chini na kijiti nikachora mchangani, bakuli 80 mzee anajua kauza kilo 80 kumbe katoa 100, kilo 20 zimeondoka bure na jasho lake la kupulizia salfa na kuokota. Mzee alinyamaza muda mrefu akaniambia rudia tena taratibu. Toka siku hiyo robo kwangu sio namba ya ubaoni. Sasa hivi wanangu nawapa karatasi ya malipo ya chama cha ushirika, tuseme bei ya mnada 2,500 kwa kilo, makato 150 kwa kilo, gunia la kilo 80, baba anapata ngapi? Wanapiga, 188,000, wanagombania nani kamaliza wa kwanza.

Ticha_Lindi: Nafundisha msingi, nikuongezee kitu kimoja. Huyo mtoto hashindwi hesabu, anashindwa kujua kwamba zile alama za kwenye daftari ndo ileile safari yake ya pwani. Akirudi na chenji mwambie akueleze kwa mdomo alivyofanya, halafu aandike maneno yake mwenyewe, 2 × 3,500 = 7,000, jumlisha 500, toa kwenye 10,000. Asianze na kitabu, aanze na samaki. Na akikosea usimkatishe, mwache amalize kueleza, mara nyingi anajisahihisha mwenyewe katikati.

Mpwani88: Mama wewe upo Mikindani na bahari iko mlangoni! Mfundishe maji. Kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi. Leo bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, yamekupwa saa 4 asubuhi, kesho ni saa 4 na dakika 50, keshokutwa saa 5 na 40, muulize baada ya siku 7 itakuwa saa ngapi. Bibi zetu wanaokwenda kuchokoa pweza wanayajua haya kichwani na hawajakaa darasani. Na bao pia usilisahau, mashimo 32 kete 64, anayecheza vizuri anahesabu kete zitaishia shimo gani kabla hajagusa.

MamaBinti_Mikindani: Asanteni sana, Mungu awabariki. Jana nilimpa ile ya maji tukiwa tunapara samaki. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha, akaniambia mama 50 mara 7 ni 350, akakaa kimya huku kashika kisu, akasema saa moja ni dakika 60 kwahiyo 350 ni saa 6 kasoro dakika 10, basi itakuwa saa 10 kasoro dakika 10 jioni. Hiyo ni kugawanya jamani, ileile anayoililia kwenye daftari! Nikampa kalamu aandike, kaandika mstari mzima na mikono ina magamba, karatasi nimeitunza. Ticha, sehemu kama nusu na robo nianze na mkate au nianze na bakuli na mizani kama huyo kaka wa Tandahimba? Maana mizani naweza kuazima kwa jirani.

Ticha_Lindi: Azima mizani.