Mume ana asilimia 70 ya VA, mimi na watoto tuko Mombasa: tunahesabiwa vipi?

BintiKuze:
Wadau, salaam. Mume wangu alitumikia jeshi la Marekani na sasa ametoka, anafanya kazi Tacoma, hukohuko Marekani. Barua ya VA (idara ya Marekani inayohudumia waliotoka jeshini) ya kumpa asilimia 70 ya ulemavu ina miezi minane sasa, lakini malipo bado ni ya mtu mmoja. Mimi niko Mombasa na watoto watatu: wawili wake, mmoja niliingia naye kwenye ndoa. Tulioana kwa kadhi. Mimi na watoto hatuna namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani). Mama mkwe pia anamtegemea. Tujaze fomu gani? Na akirudi kuishi huku, malipo yanakatwa?

KaraniWaFomu:
Dada, anza na kalenda kabla ya fomu. Kuanzia asilimia 30 kwenda juu, VA huongeza pesa kwa ajili ya mke na watoto, na hakuna sharti la wao kuwa raia wala kuishi Marekani. Lakini haiongezi yenyewe, lazima mume aombe. Vielelezo vikifika ndani ya mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi, nyongeza hurudishwa nyuma mpaka siku asilimia zilipoanza kuhesabiwa, mradi mlikuwa mmeshaoana wakati huo. Mwaka ukipita, atalipwa kuanzia alipoomba, na ya nyuma ndiyo yamekwenda. Mna miezi minne. Hesabuni kutoka tarehe iliyochapwa kwenye barua, si siku pesa ilipoingia benki.

Fomu ni 21-686c. Aijaze yeye mwenyewe kwenye akaunti yake ya VA.gov, wewe usiingie kwa nywila yake. Panapokwama wengi ni sehemu ya ndoa zilizopita. Kila ndoa ya nyuma, yake na yako, itajwe: ilifungwa lini na wapi, ikaisha lini, kwa talaka au kifo. Ukiandika mwaka tu bila mwezi na mji, wanarudisha maswali na miezi inakatika. Hakikisha tarehe ya talaka yako ya kwanza inatangulia nikaha ya sasa. Na bila kukuchokoza: kama kuna mke mwenza, VA hulipia mke mmoja tu.

Ndoa na vizazi vimetokea nje ya Marekani, kwa hiyo maelezo ya kwenye fomu peke yake hayatoshi. Ambatisheni nakala ya cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la baba. Karatasi ya nikaha ambayo haikuandikishwa itawasumbua, chukueni cheti rasmi cha kadhi. Chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili pekee kitafsiriwe Kiingereza. Majina nayo yalingane na DD-214 yake, ile hati ya kutoka jeshini. Mohamed na Mohammed kwa karani wa kule ni watu wawili. Yakitofautiana, wekeni hati ya kiapo ya wakili inayosema ni mtu mmoja, na muitume pamoja na fomu badala ya kusubiri kuulizwa.

NyotaTacoma:
Namba ya Social Security isiwatishe. Kwa yeyote ambaye hajawahi kupewa, onyesheni kwenye fomu kwamba hana kwa sababu ni mgeni asiyeishi Marekani. Msiache nafasi wazi wala kubuni namba.

Mtoto wa kambo ndiye atakayeulizwa zaidi. Sharti ni awe sehemu ya nyumba ya mume. Tuma cheti chake cha kuzaliwa chenye jina lako kama mama, cheti chenu cha ndoa, na maelezo mafupi ya kwa nini mnaishi mbali na nani analipa karo na chakula chake. Hao wawili wengine msiwacheleweshe kwa ajili yake.

Mtoto akifika 18, nyongeza yake husimama. Akiendelea na masomo mnajaza 21-674, na inaweza kuendelea mpaka 23. Mkiachana, au mtoto akiacha shule, mume aripoti mara moja. Akinyamaza, pesa alizolipwa zaidi VA huzihesabu kuwa deni na kuzikata kwenye fidia yake.

MpwaniDC:
Mama mkwe ni rahisi: kama kipato chake hakizidi dola 400 kwa mwezi, anakubaliwa moja kwa moja.

KaraniWaFomu:
MpwaniDC, hapo angalia. Kipimo hicho cha dola 400 hakimhusu mzazi anayeishi nchi ya nje. Kwa mama aliye Kenya lazima waonyeshe uhitaji wenyewe: kipato chake, mali yake, matumizi ya kila mwezi, na pesa anazotumiwa. Fomu ni 21P-509. Kumtumia mama elfu tano wakati wa sikukuu si kumtunza. Wanatafuta utegemezi wa kudumu. Cheti cha kuzaliwa cha mume chenye jina la mama pia kinahitajika.

BintiKuze:
Ahsanteni sana. Kuna bwana amejitolea kutujazia kwa asilimia 20 ya malimbikizo. Na hilo la kurudi nyumbani?

NyotaTacoma:
Mkimbieni. Kisheria hakuna ruhusa ya kutoza ada kwa kuandaa ombi la mwanzo la VA. Mashirika ya waliotoka jeshini kama DAV, VFW na American Legion husaidia bure. Mume anawateua kwa fomu 21-22. Anayetaka hisa kwenye malimbikizo aulizwe kwanza kama ameidhinishwa na VA. Wengi hukatika mazungumzo hapo.

Akirudi Mombasa, fidia haikatwi. Kinachobadilika ni matibabu. Nje ya Marekani anategemea mpango uitwao FMP, unaolipia tu maradhi yaliyokubaliwa kuwa yametokana na utumishi wake. Ajisajili kwa 10-7959f-1 kabla ya kusafiri. Gharama anadai kwa 10-7959f-2, na dai lifike ndani ya miaka miwili tangu siku ya matibabu. Risiti ya "matibabu, sh. 12,000" hairudishwi: iandikwe ugonjwa, tarehe na kila huduma na bei yake. Anwani abadilishe mapema pia, maana akikosa barua ya kuitwa kupimwa upya na asifike, asilimia zinaweza kushushwa.

KaraniWaFomu:
Kama maumivu yanamzuia kushika kazi ya kumweka mjini, kuna 21-8940, fomu ya kuomba kuhesabiwa kuwa hawezi kufanya kazi kwa sababu ya ulemavu. Kwa jumla ya 70, lazima ulemavu mmojawapo uwe na angalau 40. Akikubaliwa, hulipwa kiwango cha 100. Lakini maadamu kazi yake ya Tacoma ni ya kudumu yenye mshahara wa kawaida, asiombe sasa.

La mwisho, dada, halipendezi kulitaja ila lifahamike. Mume akifariki kwa ugonjwa uliotokana na utumishi, mjane huomba malipo yake ya mjane kwa 21P-534EZ. Akiomba ndani ya mwaka tangu kifo, malipo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi wa kifo. Swali litakuwa kama mliishi kama mke na mume mpaka mwisho. Kutengana kwa sababu ya kazi hakuvunji haki, lakini ni juu yako kuonyesha kwamba sababu ilikuwa kazi. Wekeni stakabadhi za pesa alizotuma, tiketi za safari zake na mawasiliano yenu. Hakikisheni pia daktari anataja ugonjwa huo kwenye cheti cha kifo ikiwa ulichangia, kwa sababu kurekebisha cheti baadaye huchukua muda mrefu na mwaka unaendelea kuhesabiwa.