Tupeane uzoefu: mwenye tangazo aliwahi kukubana vipi kwenye uchambuzi wa vifaa vya sauti?

Kalamu na Waya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Nimeandika tathmini za spika na amplifaya miaka mingi, zamani kwenye jarida la karatasi, siku hizi kwenye chaneli. Kila anayeniuliza kuhusu shinikizo la wenye matangazo hutegemea nimsimulie habari za bahasha. Bahasha sijawahi kupewa. Mimi nimekutana na adabu tu, tena adabu nzuri kabisa, na hiyo ndiyo inayobana kwelikweli.

Tuliwahi kupima amplifaya iliyotangazwa kwa wati nyingi kwenye spika za omu 4 (ukinzani mdogo, unaoielemea amplifaya). Wati zile hazikufika, sakiti yake ya kinga ilikuwa inakata sauti mapema. Tukaomba kifaa cha pili tusije tukamwonea mtu, majibu yakawa yale yale. Kabla ya kuchapa tukampelekea mtengenezaji nakala aandike maoni yake, kama jarida la Stereophile linavyofanya. Vipimo hakuvigusa. Aliuliza tu kama toleo lile bado lina nafasi ya tangazo, na kama uhusiano wetu "unaendelea vizuri".

Tathmini ikatoka kama ilivyo, tangazo lake likapotea. Hilo tulilitarajia. Lakini mwenzetu aliyekuwa kwenye foleni ya kuazimwa spika za kampuni hiyo hiyo hakuzipata tena. Hakuna aliyemnyima. Kila akiuliza, ziko kwa mchambuzi mwingine, zikirudi atajulishwa. Msomaji atalijuaje jambo kama hilo? Uchambuzi ambao haukuandikwa hauna ukurasa.

Na si jambo la jana. J. Gordon Holt aliondoka jarida la High Fidelity kwa kuchoshwa na nguvu ya wenye matangazo, akaanzisha Stereophile mwaka 1962. Harry Pearson naye akaanzisha jarida la The Absolute Sound mwaka 1973, mwanzoni bila kupokea matangazo ya watengenezaji. Leo yote mawili yana matangazo. Sisemi yameuzwa, maana karatasi na posta hulipiwa.

Haya, wewe yalikukutaje? Ya kwako mwenyewe tafadhali, na kampuni tusizitaje.

Nilikuwa Mauzo

Dada, mimi nilikaa chumba cha pili, cha kuuza kurasa. Orodha ya vifaa vitakavyochambuliwa ilikuwa inafika mezani kwangu mapema sana. Kazi yangu ilikuwa kumpigia simu mwenye kifaa: "Spika zenu zimo toleo lijalo, mngependa ukurasa wa mkabala, unaotazamana na tathmini?" Sikuwahi kumwahidi mtu sifa. Haikuhitajika. Mteja alikuwa anajikamilishia sentensi mwenyewe.

Mhariri mpya alipokuja akaifungia orodha ile, tukawa tunaiona kurasa zikishapangwa. Mauzo yalishuka kidogo. Kelele za ofisini ndizo zilizopanda.

Sanduku la Mbao

Mie ni mtengenezaji mdogo, spika za kuagiza, nazipiga mbao mwenyewe. Kwa hiyo nawapa habari kutoka kwa anayeombwa.

Chaneli moja kubwa ilinijibu kwa furaha, ikataka na "mchango wa gharama za kurekodi". Nikauliza kama mtazamaji ataambiwa kuhusu mchango huo. Kimya. Jozi yangu ikarudi na kuba la twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, limebonyea.

Mwingine, mwenye watazamaji wachache, hakuomba kitu. Akaandika kwamba besi yangu ni pungufu chini ya hezi 50. Nikamjibu kwamba sanduku la ukubwa ule, nikilisukuma zaidi chini, nitapoteza nguvu ya sauti, nilichagua. Akaliweka jibu langu chini ya tathmini yake neno kwa neno, msimamo wake haukubadilika. Walionipigia simu baada ya hapo walikuwa wanajua wanachokitaka, wengi wana sabufa tayari. Ile "kasoro" imeniuzia kuliko sifa yoyote.

Deki ya Zamani

Nyote mnasema matangazo, hamjagusa mkopo usio na tarehe ya kurudisha.

Nilichangia tathmini kwenye jarida fulani. Chumba changu cha kusikilizia kilikuwa kizuri kuliko kipato changu: kicheza muziki cha kampuni hii, amplifaya ya kampuni ile, nyaya za kampuni nyingine, vyote "mpaka tutakapovihitaji". Mtu wa nje anaona zawadi. Mimi nilikuwa naona kipimo changu. Ukimchambua mtu spika, unazisikiliza kupitia vile vifaa ulivyovizoea. Sasa siku mmoja wa wale waliokuazima analeta kifaa kipya na hakijakupendeza, unajua kabisa gari la kuchukua kile cha zamani linaweza kuja wiki ijayo, nawe utaanza upya kuzoea chumba chako. Hakuna aliyenitishia hata siku moja. Gari lilikuja mara moja tu, baada ya aya mbili kali, likiwa na dereva mpole sana.

Ongeza na punguzo la "bei ya wachambuzi". Unanunua kwa bei ambayo msomaji wako hataipata, halafu unamwandikia kwamba kifaa kina thamani ya pesa yake. Ya nani?

Bibi Hedifoni

Mkuu Deki, hapo umenena. Ila ukurasa wa tangazo angalau nauona kwa macho. Linki za kamisheni ndizo zinazonitia shaka zaidi. Mchambuzi analipwa mimi nikinunua. Akisema "kaa na ulizonazo", hapati kitu. Nilipokuwa natafuta hedifoni za kazi, orodha zote za "bora" zilinielekeza kwenye zile zinazouzwa na maduka makubwa ya mtandaoni. Jozi nzuri inayouzwa na kiwanda chenyewe bila kamisheni haikuwemo hata moja.

Mtaniambia basi anunue mwenyewe, kama tovuti ya Rtings wanavyonunua vifaa wanavyopima. Sawa, inasaidia. Lakini jicho nalo lina upendeleo. Watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walionyesha mwaka 1994, kwa wasikilizaji wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, kwamba mtu akiziona spika alama zake zinabadilika. Mfumo mdogo wa plastiki wenye sabufa uliofanya vizuri nyuma ya pazia ulishushwa alama watu walipouona. Hapo hakuna tangazo wala kamisheni. Kwa hiyo nikisoma tathmini, natafuta kwanza kama kuna vipimo, kisha kama kuna sentensi inayovipinga vipimo hivyo au kuvikubali. Sifa bila grafu naziruka.

Mchora Grafu

Grafu nazo zina wenyewe, Bibi. Niliweka mchoro wa spika fulani wenye kilima (sauti iliyozidi) kwenye kilohezi 3, nikapata barua ya wakili inataka niufute. Nikajibu kwa heshima: kosa liko wapi, mkao wa maikrofoni, umbali, au kifaa? Wakaniletea grafu yao, imelainishwa mpaka kilima kimekuwa mteremko. Nikaziweka zote mbili pamoja, nikaeleza kila moja ilivyopatikana. Hawakuandika tena.

Ila msidhani kukataa matangazo kunakukinga. Jarida la walaji la Marekani, Consumer Reports, hawapokei tangazo lolote. Mwaka 1970 walichambua spika za Bose 901, wakaandika kwamba sauti za ala zilikuwa kama zinazurura chumbani. Bose wakashtaki. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, Consumer Reports wakashinda mwaka 1984. Wao walikuwa na taasisi nzima nyuma yao na walihimili miaka yote hiyo. Mwenye chaneli ya mtu mmoja anafuta mchoro siku hiyo hiyo barua ilipofika, na simlaumu.

Kalamu na Waya

Asanteni wakuu, endeleeni kushusha. Ndugu Nilikuwa Mauzo, nina swali: ile orodha iliyofungwa, ilibaki imefungwa?

Nilikuwa Mauzo

Mpaka mhariri yule alipoondoka, dada. Aliyemfuata aliirudisha mezani kwetu, akatuambia tuitumie "kwa busara". Mwezi ule tuliuza kurasa zote za mkabala.