Tupeane uzoefu: Tunavitunzaje vyombo vya chuma katika hewa ya chumvi ya Lamu na Malindi?

Mwanzishaji mada (Mkomani, Lamu)

Assalamu alaikum wanajamvi. Naomba tupeane uzoefu wa kusafisha na kutunza vyombo vya chuma: karai la viazi na mahamri, chuma cha chapati, na kile chuma cha vitumbua chenye mashimo. Sizungumzii sufuria, kwa kuwa nyingi ni za alumini, ambayo haishiki kutu. Nazungumzia chuma chenyewe, kiwe cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, au cha bati nene lililofuliwa na fundi. Maelezo mengi yanayosambaa yameandikwa na watu wa bara wenye oveni na maji matamu ya mfereji saa zote, ilhali hapa kwetu hata bawaba za madirisha huliwa na upepo wa bahari. Kila mchangiaji aeleze anachokifanya mwenyewe, si alichokisikia.

Mama Mahamri (Langoni, Lamu)

Waalaikum salaam. Mimi hukaanga kwa biashara, na karai langu ni la bati nene. Huliosha lingali vuguvugu, kabla mabaki ya unga hayajagandamana, na husugua kwa kumbi la nazi, kwa sababu nyuzi zake zina ukali wa kutosha kuondoa ukoko bila kuchuna ile ngozi nyeusi ya ndani. Waya wa kusugulia siutumii ndani kabisa. Nje, penye masizi, sina ubishi nao.

Jambo ambalo wengi hulidharau ni maji ya kusuuzia. Kisima cha nyumbani kwetu kina chumvi, na nimeona wazi kwamba karai lililosuuzwa kwa maji yake huamka na vidoa vya rangi ya chungwa, hata kama lilifutwa vizuri usiku. Kwa hiyo maji ya kisima ni ya kusugulia, na maji matamu, hata kikombe kimoja, ni ya kumalizia. Kisha hulirudisha karai juu ya makaa yaliyosalia mpaka likauke kabisa, hasa penye misumari ya mikono, ambako maji hujificha na kutu huanzia. Mwisho hupitisha tambara la pamba lenye mafuta, halafu hufuta tena kwa tambara kavu kana kwamba nayaondoa mafuta yote. Anayeyaacha yakitiririka atakuta utando unaonata, wenye vumbi na sisimizi.

Fundi wa Vyuma (Maweni, Malindi)

Mama yangu amesema kweli, nami naongeza sababu zake. Ule weusi wa ndani si masizi wala uchafu. Mafuta yaliyopakwa kwa wembamba yakipata moto mkali hushikana na hewa na kugeuka utando mgumu usioyeyuka kwa maji, na utando huo ndio unaokinga chuma na kuzuia chapati isigande. Ndiyo maana sabuni ya kawaida ya vyombo, ikitumika kidogo na kusuuzwa upesi, haiwezi kuubandua utando uliokomaa. Onyo la wazee lilihusu sabuni kali zilizobaki na magadi mengi.

Wapo watakaonikasirikia kwa hili lifuatalo, lakini mafuta ya nazi hayafai sana kujenga utando huo. Asili yake si ya kukauka, na hata yakipigwa moto hubaki laini. Ya alizeti, ya mahindi, au uto wa simsim, ambao Lamu haikuanza kuujua jana, hushikana vizuri zaidi. Nazi ifae kwa kupangusia tu baada ya kuosha, kwa kuwa haiharakishi kuchacha.

Chombo kipya, au kilichokwanguliwa hadi kikawa cheupe, hukikausha motoni, nikakipaka mafuta na kuyafuta, kisha nikakipindua juu ya makaa yaliyokolea hadi moshi uishe. Huacha kipoe, nikarudia mara kadhaa. Mwenye oveni akiweke kwa nyuzi joto 230 hivi kwa muda wa saa moja. Tahadhari ni moja: chuma cha kusubu kisimwagiwe maji baridi kingali moto, kwani kitapasuka. Karai la bati litapindika tu, na hilo naweza kulinyosha, lililopasuka siwezi.

Binti wa Gadeni (Lamu)

Shukrani, fundi. Nyumbani bibi husugua kila kitu kwa jivu na mchanga, na vyombo vyake vinang'aa. Je, ni kosa?

Fundi wa Vyuma (Maweni, Malindi)

Kwa masizi ya nje ya karai si kosa hata kidogo. Ila jivu lina magadi, na magadi hula mafuta, kwa hiyo likisuguliwa ndani ya karai kila siku linabomoa kile unachokijenga. Mwachie bibi jivu lake kwa siku ya kukwangua upya, na umpe heshima zake.

Baharia Mstaafu (Shela, Lamu)

Wanangu, sisi tulipika mashuani juu ya sanduku la mchanga, na maji matamu yalikuwa ya kunywa, si ya kuoshea vyombo. Karai lilisuguliwa kwa mchanga na maji ya bahari, na mpishi alilipangusa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya kunywa, akaliweka motoni, akalipaka mafuta kabla halijapoa. Kinachokula chuma ni ile chumvi inayobaki baada ya maji kukauka, kwa sababu huvuta unyevu wa hewa usiku kucha. Mpishi aliyekwenda kulala bila kupangusa aliamka na karai jekundu, na nahodha hakumsamehe.

Siku hizi, msimu wa masika ukiingia na upepo ukiwa wa kusi, silifungii karai kabatini. Hulitundika juu ya jiko, mahali penye joto, bila kifuniko. Mwenye vyombo vingi vinavyopandana aweke kipande cha karatasi au kitambaa kati yake.

Mpishi wa Barani (Malindi)

Mimi nitasema juu ya ukwaju, ndimu na nyanya. Kukamulia ndimu samaki aliyekwisha kukaangwa hakudhuru, lakini mchuzi wa ukwaju uliochemka humo kwa muda mrefu hula utando, huwa mweusi na huwa na ladha ya chuma. Mchuzi wa namna hiyo nautia kwenye chungu. Kwa watu wengi chuma kidogo kinachoingia chakulani hakina madhara, na kwa wenye upungufu wa damu kinaweza hata kufaa, ingawa hakichukui nafasi ya vidonge vya kliniki. Aliyeambiwa na daktari kwamba ana madini ya chuma mengi mwilini, huyo asitumie vyombo hivi kabla ya kumuuliza.

Kuhusu kutu iliyokwisha kuingia, huchanganya siki na maji nusu kwa nusu, nikaloweka chombo na kukitazama kila baada ya muda mfupi, kwani siki ikimaliza kutu huanza kula chuma chenyewe. Asithubutu mtu kukiacha usiku kucha. Kisha huosha kwa maji yenye magadi soda, nikasuuza na kukikausha motoni papo hapo. Chuma kilicho uchi hushika kutu upya huku unakitazama.

Mwanzishaji mada (Mkomani, Lamu)

Ahsanteni sana. Mama Mahamri, nakuomba unimalizie la chuma cha vitumbua, maana kumbi haliingii vizuri mashimoni.

Mama Mahamri (Langoni, Lamu)

Kumbi likatwe kipande kidogo na kufungwa ncha ya kijiti, au utumie mswaki mkuukuu. Kisu usikiguse. Paliposhika unga, tia maji kidogo katika kila shimo, uyachemshe hadi ukoko ulegee, umwage na usugue. Kikishakauka, pitisha tambara la mafuta shimo kwa shimo na ukipashe moto tena. Ukitaka kupika, chuma kipate moto kwanza, ndipo mafuta, ndipo unga. Mkupuo wa kwanza baada ya kukwangua hushika kidogo hata kwangu. Vitumbua vyake huliwa na watoto wa nyumbani, haviendi kwa wateja.